Leseni ya CPA Marekani: kisa cha mkaguzi wa hesabu kutoka Dar aliyekwama Ohio

Mhusika wa kisa hiki ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Morogoro, mwenye shahada ya biashara ya miaka 3 kutoka chuo kikuu kimoja cha Tanzania na cheti cha CPA(T) cha NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania. Alifanya kazi ya ukaguzi wa hesabu Dar es Salaam kwa miaka 6. Mwaka 2021 yeye na mumewe walipata grini kadi kwa bahati nasibu, wakahamia Columbus, Ohio. Jina lake naliacha, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili.

Aliponitafuta mwanzoni mwa 2025 alikuwa na swali moja tu: "Kaka, nikasome uzamili au nisisome?" Chuo kilishamkubali kwa shahada ya uzamili ya uhasibu. Ada ilikuwa zaidi ya dola 30,000, fomu za mkopo zilikuwa tayari, na alibakiwa na wiki chache za kuamua. Aliambiwa na watu wa kwao Columbus kwamba ukitaka leseni ya CPA, yaani ya mhasibu wa umma wa Marekani, lazima uwe na krediti 150 (krediti ni kipimo cha masomo ya chuo), na kwamba mtu wa shahada ya miaka 3 hawezi kuzifikisha bila uzamili.

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimeona wahasibu wengi wa Kitanzania, Kikenya na Kiganda wakiingia kwenye mikopo ya namna hiyo bila kuketi na kuyasoma masharti ya jimbo lao. Kilichokuwa kinamzuia dada huyu hakikuwa elimu. Lakini ili kukiona, ilibidi tuanzie mbali kidogo.

Alichokuwa nacho mkononi

Alikuwa anafanya kazi kwenye ofisi ya bili ya hospitali moja kubwa: anashughulikia madai ya bima, anapiga simu kuuliza kwa nini dai limekataliwa, anarekebisha namba za matibabu na kutuma upya. Kazi ya heshima, inalipa dola 27 kwa saa na ina bima ya afya kwa familia nzima. Usiku, watoto wakishalala, alikuwa anasoma FAR, karatasi ya hesabu na taarifa za fedha kwenye mtihani wa CPA, kwa kozi ya matayarisho aliyoinunua kwa awamu. Alikuwa pia na tathmini ya vyeti aliyoifanya miaka ya mwanzo alipokuwa anatafuta kazi. Ilikuwa ukurasa mmoja, unaosema shahada yake inalingana na shahada ya kwanza ya Marekani. Basi. Hakuna orodha ya masomo wala krediti.

Kwenye ukurasa wake wa kutafutia kazi mtandaoni, chini ya jina, aliandika "CPA". Hata ile T ya Tanzania ilikuwa imeachwa.

Hilo la mwisho ndilo nililoanza nalo, kabla hata ya kujibu swali la uzamili. Sheria za majimbo ya Marekani zinakataza mtu asiye na leseni kujitambulisha kwa umma kuwa CPA. Jambo hilo watu wetu wanalichukulia kirahisi, kwa sababu wanaona cheti ni chao, wamekisomea kwa jasho, na ni kweli. Ila mteja wa Ohio akisoma herufi hizo anaelewa kitu kimoja: mtu huyu ana leseni ya Ohio au ya jimbo jingine. Na bodi utakayoiomba leseni kesho ndiyo hiyo hiyo inayopokea malalamiko ya watu wanaotumia jina hilo bila ruhusa. Nilimwomba afute usiku ule ule, aandike kwa kirefu kwamba amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ya Tanzania. Alifuta. Aliumia, na ninamwelewa.

Kwa nini CPA(T) haikumsaidia

Tanzania ina NBAA, iliyoundwa kwa sheria namba 33 ya mwaka 1972. Bodi hiyo ndiyo inayotunga mitihani na ndiyo inayosajili. Kenya wamegawa kazi, KASNEB wanatahini na ICPAK wanasajili, lakini bado ni mfumo mmoja wa nchi nzima. Mtu aliyelelewa kwenye mifumo hii anapofika Marekani hutafuta NBAA ya Marekani, na hapo ndipo anapopotea, maana haipo.

Mwaka 1896 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kwanza ya CPA, na majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. Leo kuna bodi 55: za majimbo 50, Washington D.C., Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin vya Marekani na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini. Mtihani ni mmoja kwa wote. Unatungwa na AICPA, chama cha wahasibu wa nchi hiyo, na NASBA, umoja wa bodi hizo wenye makao Nashville, ndio unaoratibu maombi na kutoa matokeo. Leseni lakini hutoka kwenye bodi ya jimbo, na kila bodi ina masharti yake ya elimu, ya uzoefu wa kazi na ya maadili.

Kuna makubaliano ya kutambuana na vyama vya nchi chache, zikiwemo Canada, Mexico, Australia, Ireland na Scotland. Kwa Afrika chama kilichomo ni SAICA cha Afrika Kusini. NBAA na ICPAK hazimo. Kwa hiyo mwenye CPA(T) anaingia mlango ule ule wa kijana aliyemaliza chuo Ohio juzi: shahada, mtihani wote, na uzoefu wa kazi unaothibitishwa. Miaka 6 ya kukagua mabenki na viwanda Dar haimpunguzii hata karatasi moja. Ninaona ni uonevu kwa mtu mwenye ujuzi wa kiwango hicho, na ningependa sana NBAA na ICPAK zisukume mazungumzo ya kutambuana, lakini uamuzi wa mtu mmoja hauwezi kusubiri mazungumzo hayo.

Tathmini iliyokuwa na maana

Ule ukurasa mmoja wa tathmini haukuwa na kazi kwa bodi. Bodi za uhasibu zinataka tathmini ya somo kwa somo: kila kozi, krediti zake za Marekani, alama, na kama ni somo la uhasibu, la biashara, au la kawaida. Majimbo mengi yanataka takriban krediti 24 au zaidi za uhasibu na idadi inayokaribiana na hiyo ya masomo ya biashara, juu ya jumla. Tena si kila kampuni ya tathmini inakubalika. NASBA ina kitengo chake cha kutathmini vyeti vya nje, na yapo majimbo yasiyokubali kingine. Kabla ya kulipa mtu yeyote, fungua tovuti ya bodi ya jimbo lako uone wanaitaka ya nani.

Kupata transkripti ilikuwa hekaheka. Mtathmini alitaka ije moja kwa moja kutoka chuoni. Mdogo wake alikwenda ofisi ya usajili pale chuoni, akarudishwa kwa sababu ya deni la kitabu cha maktaba la zamani, akalipa, akarudi. Kisha likazuka la majina. Cheti cha kidato cha nne na cha sita vina majina mawili na herufi ya kati. Shahada ina majina matatu. Pasipoti ya sasa ina jina la mume. Kwa macho ya Mtanzania ni mtu yule yule bila shaka yoyote. Kwa mtathmini ni watu watatu. Tulitengeneza faili moja lenye cheti cha ndoa, hati ya kiapo ya majina kutoka kwa wakili Dar, na nakala ya pasipoti, likaambatanishwa na kila ombi. Jambo hilo lilirudi tena wakati wa mtihani, kwa kuwa jina lililoandikwa kwenye ilani ya kupanga tarehe lazima lifanane na kitambulisho unachoonyesha mlangoni. Ukilirekebisha mwanzoni unalala. Ukiliacha, unaweza kugeuzwa siku ya mtihani, na ada ya karatasi ambayo ni zaidi ya dola 250 ikapotea.

Majibu ya kwanza yalikuja na krediti 98. Hapo alilia. Shahada ya miaka 3 ndiyo hivyo, hata ukijaza muhula vipi. Niliposoma orodha ya nyaraka alizotuma, niliona cheti cha kidato cha sita hakimo. Aliona haya kutuma cheti cha NECTA mtu akiwa na shahada. Wamarekani wanamaliza sekondari baada ya miaka 12 ya shule. Sisi tulikwenda 13, na ile miwili ya mwisho ilikuwa ya masomo ya ngazi ya juu, ndiyo maana shahada zetu nyingi huchukua miaka 3. Wapo watathmini wanaouhesabu ufaulu wa kidato cha sita kama krediti za mwaka wa kwanza wa chuo, na wapo wasiouhesabu. Wa kwake alihesabu. Baada ya kutuma cheti hicho jumla ilipanda hadi 122, uhasibu ukiwa na 33 na biashara 27.

Krediti 24 zilikuwa zimelala kwenye bahasha kwa mama yake Morogoro.

Uzamili unanunua nini hasa?

Sasa tulikuwa na namba, na swali lake likawa na uzito mwingine. Kwa kanuni ya zamani ya Ohio alihitaji krediti 150 na mwaka 1 wa kazi. Pengo lilikuwa krediti 28. Hata tungebaki kwenye kanuni hiyo, krediti hizo zingeweza kusomwa koleji ya jamii, ambako aliulizia akaambiwa kila krediti ni chini ya dola 200. Hesabu yake haifiki dola 6,000. Hakuna mahali ambapo kanuni ya 150 ilimlazimisha mtu wa hali yake kuchukua uzamili wa dola 30,000. Watu wamezoea kuvitaja pamoja, ndipo vikageuka kitu kimoja midomoni.

Lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Januari 2025 gavana Mike DeWine alitia saini sheria iliyoifanya Ohio kuwa jimbo la kwanza kufungua njia nyingine: shahada ya kwanza yenye masomo ya uhasibu yanayotakiwa, kufaulu mtihani, na miaka 2 ya kazi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Majimbo mengine yakafuata mwaka huo huo, Utah na Virginia yakiwa miongoni mwa ya mapema. Kanuni ya 150 ilianzia Florida miaka ya 1980 na ikaenea nchi nzima. Imechukua miongo minne kuanza kulegezwa, na sababu iliyosukuma ni kwamba vijana wanaosomea uhasibu wamepungua na ofisi hazipati watu.

Tukaweka njia mbili mezani. Ya uzamili: masomo ya jioni kwa karibu miaka 2, deni la zaidi ya dola 30,000, kisha mwaka 1 wa kazi uliothibitishwa. Ya pili: hakuna shule, miaka 2 ya kazi iliyothibitishwa. Yaani kwa upande wa leseni, uzamili ungemnunulia mwaka mmoja tu wa uzoefu, na ungemla karibu miaka 2 kuupata. Sisemi uzamili ni mbaya. Kijana wa miaka 22 anayetaka kuingia kampuni kubwa kupitia usaili wa chuoni anaweza kunufaika nao sana. Kwa mama wa watoto wawili mwenye miaka 6 ya ukaguzi kichwani, haukuwa na hesabu.

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza tangu afike Ohio: "Hapo hospitali, nani atakusainia?"

Saini

Njia zote mbili zina sharti la uzoefu, na uzoefu huo unataka kuthibitishwa na CPA mwenye leseni hai. Lazima pia iwe kazi inayotumia ujuzi wa uhasibu: kutayarisha hesabu, kukagua, kodi, ushauri wa fedha, na mfano wa hayo. Inaweza kuwa kwenye ofisi ya wahasibu, serikalini, au kwenye kampuni ya kawaida. Mwaka mmoja kwa kawaida huhesabiwa kama saa 2,000.

Kusukuma madai ya bima hakuingii hapo. Na msimamizi wake alikuwa mama mchapakazi asiyekuwa mhasibu. Dada alinijibu, "Mkuu wa fedha wa hospitali ni CPA, nimeona kwenye tovuti. Ila hata jina langu halijui." Miaka yote aliyokuwa Columbus, saa zilizokuwa zinahesabika kuelekea leseni zilikuwa sifuri. Angemaliza uzamili, angefaulu karatasi zote nne, na bado angesimama mlangoni mwa bodi bila fomu ya uzoefu. Nimewaona watu wa hali hiyo, wana matokeo ya mtihani yaliyotimia na hawana leseni mwaka wa tatu sasa.

Na ile miaka 6 ya Dar? Wakubwa wake kule walikuwa CPA(T), mmoja ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza. Hakuna aliyekuwa na leseni ya jimbo lolote la Marekani, kwa hiyo hakuna wa kuthibitisha kwa namna bodi inavyotaka. Kama unasoma haya ukiwa bado Nairobi au Dar na ofisini kwenu kuna mkubwa mwenye leseni ya CPA ya Marekani, usimwache bila kuzungumza naye, kwa sababu yapo majimbo yanayokubali uzoefu wa nje ya nchi iwapo anayethibitisha ana leseni inayotambuliwa.

Tulianza na mlango wa karibu. Nilimshauri aombe kuhamia idara ya fedha ya hospitali ile ile, kwenye hesabu kuu, chini ya mdhibiti wa hesabu ambaye ni CPA. Angebaki na bima yake na mshahara wake. Alijibiwa vizuri na kwa adabu kwamba nafasi hakuna. Alisubiri miezi kadhaa, ikawa kimya.

Mlango wa pili ulikuwa ofisi ndogo ya wahasibu, watu wasiozidi kumi, wanaofanya hesabu za biashara ndogo na kodi. Walikuwa wanatafuta mtu kabla ya msimu wa kodi. Walitoa dola 22 kwa saa. Nyumbani ikawa mjadala. Mumewe, ambaye ni mtu makini na anayempenda mkewe, alipiga hesabu kwenye simu: dola 5 mara saa 2,000, ni dola 10,000 kwa mwaka, na kwa miaka 2 ni 20,000. "Shemeji," akaniambia, "unataka mke wangu apande ngazi kwa kushuka?" Swali la haki kabisa. Nilimwonyesha upande wa pili wa karatasi. Uzamili ungegharimu zaidi ya 30,000 pamoja na riba, na mwisho wa uzamili ungebaki ule ule ulazima wa kutafuta kazi yenye CPA, pengine kwa mshahara wa kuanzia ule ule. Hasara ya mshahara ilikuwa inalipia kitu kinachohesabika tangu siku ya kwanza. Ugumu wa kweli ulikuwa bima ya afya, na hilo walilitatua kwa kuhamishia familia kwenye bima ya kazini kwa mume, kwa makato makubwa zaidi. Sitaki kulipitia haraka jambo hilo. Kwa familia nyingi za kwetu ndilo linaloamua, na kama mume asingekuwa na bima kazini, ningemwambia abaki hospitali aendelee kugonga mlango wa idara ya fedha.

Kabla ya kukubali kazi nilimwomba afanye mambo mawili. La kwanza, kuangalia leseni ya mwenye ofisi kwenye CPAverify, hifadhidata ya NASBA iliyo wazi kwa umma na haina malipo. Kuna ofisi nyingi za kodi zenye mabango makubwa ambazo mwenyewe hana leseni, au aliwahi kuwa nayo ikaisha. Kutayarisha kodi za watu kwa malipo hakuhitaji uwe CPA, kunahitaji namba ya mtayarishaji kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa hiyo bango halikuambii kitu. Alimtafuta kwa jina akiwa kwenye gari nje ya ofisi, dakika chache kabla ya usaili. Leseni ilikuwa hai, ya Ohio, haina adhabu.

La pili, kuuliza waziwazi kwenye usaili. Sisi tumelelewa kwamba mtu anayeomba kazi haulizi mengi, na alikuwa anaogopa kuonekana ana haraka ya kuondoka. Tulitengeneza sentensi pamoja: anaomba leseni ya Ohio kwa njia ya miaka 2, je, ofisi itakuwa tayari kuthibitisha uzoefu wake, na kazi atakayopewa itakuwa ya uhasibu au ya kupokea simu? Mzee yule mwenye ofisi alifurahi. Alisema waliomtangulia hawakuuliza, wakawa wanakuja na fomu siku ya kuaga. Tangu siku hiyo dada anaandika kwenye jedwali la eksel kila wiki: mteja kwa namba, kazi aliyofanya, saa, nani aliipitia. Kila baada ya miezi mitatu anamwonyesha bosi. Ofisi ndogo zinaweza kuuzwa, na mwenye saini anaweza kustaafu au kufa. Bila kumbukumbu, mwaka mzima wa kazi unakuwa neno lake dhidi ya fomu tupu.

Mtihani kwa mtu aliyezoea IFRS

Mtihani nimeuweka nyuma kwa makusudi, ingawa watu wote huanza nao. Tangu Januari 2024 una karatasi tatu za lazima, yaani AUD ya ukaguzi, FAR ya hesabu na taarifa za fedha, na REG ya kodi na sheria, pamoja na moja ya kuchagua kati ya BAR, ISC na TCP. Kila karatasi ni saa 4 na alama ya kufaulu ni 75. Ukifaulu karatasi ya kwanza saa inaanza kugonga: zamani ulikuwa na miezi 18 ya kumaliza zilizobaki, na majimbo mengi sasa yameongeza hadi 30.

Alifanya FAR kwanza, akiwa bado hospitali, akafeli kwa alama chache. FAR ndiyo inayoangusha wengi kuliko karatasi nyingine za lazima. Mwaka 2024 waliofaulu walikuwa karibu 40 kati ya kila 100. Kwa mtu wetu kuna mtego wa ziada. Tanzania ilianza kutumia IFRS, kanuni za kimataifa za taarifa za fedha, mwaka 2004, na mkono wake umezoea hivyo. Akiona jengo limepanda thamani, anataka kulithaminisha upya na kupeleka tofauti kwenye akiba ya mtaji. Kanuni za Marekani haziruhusu. Mali iliyoshushwa thamani, hali ikitengemaa anataka kurudisha. Kwa mali za kudumu hairuhusiwi. LIFO, yaani kuhesabu kwamba bidhaa iliyoingia mwisho ndiyo inayouzwa kwanza, ambayo IFRS imeipiga marufuku, huko ni njia halali na inaulizwa. Gharama za kuendeleza bidhaa, ambazo IFRS huzitambua kuwa mali masharti yakitimia, kwa kawaida huko zinakwenda moja kwa moja kwenye matumizi. Na juu ya hayo kuna hesabu za serikali za majimbo na miji, somo ambalo halikuwa kwenye ulimwengu wake kabisa. Nilimshauri aandike daftari la tofauti tu, ukurasa mmoja kwa kila mada, upande wa kushoto alivyozoea na wa kulia wanavyotaka. Kusoma upya kitabu kizima cha uhasibu kwa mtu aliyekagua mabenki ni kupoteza usiku wa bure.

Kazi mpya ilibadilisha mpangilio. Kwa kuwa mchana kutwa alikuwa ndani ya fomu za kodi, tuliiacha FAR kwanza. Akafanya REG mara tu msimu wa kodi ulipokwisha, kisha TCP, karatasi ya kuchagua inayoendeleza kodi hiyo hiyo na ambayo 2024 ilikuwa na ufaulu wa zaidi ya 70 kwa 100. Zote mbili amefaulu. AUD anaifuata, na FAR itarudi mwisho.

Aliko sasa

Anaelekea kumaliza mwaka wa kwanza wa saa zinazohesabika. Ofisi imempandishia malipo, bado hayajafika yale ya hospitali. Mbele yake kuna karatasi mbili, mwaka mmoja wa kazi, kozi ya maadili ya Ohio, na baada ya leseni atatakiwa saa 120 za mafunzo kila miaka 3.

Kwa anayesoma haya na hana shahada, au hawezi kabisa kupata mtu wa kumsainia, kuna leseni nyingine inayoitwa Enrolled Agent, inayotolewa na IRS, inatumika nchi nzima, mtihani wake una sehemu 3 na hauulizi shahada. Kwa kazi ya kodi peke yake ni leseni nzuri sana na watu wetu hawaifahamu.

Limezuka jipya lakini. Mume ameahidiwa nafasi Texas. Majimbo mengi yamekuwa yakibadilisha sheria zao ili kuwapokea CPA wa majimbo mengine bila kuhesabu upya krediti, ila mwenye leseni iliyokamilika na mwenye ombi ambalo halijakamilika hawatazamwi kwa jicho moja. Msimamo wangu ni kwamba amalizie Ohio kwanza, hata kama itabidi mume atangulie. Wao bado hawajaamua. Tumeiandikia bodi ya Texas barua pepe yenye maswali mawili: je, saa zilizothibitishwa na CPA wa Ohio zitahesabiwa zote, na je, tathmini iliyompa krediti 122, pamoja na zile 24 za kidato cha sita, wataikubali kama ilivyo au wataifanya upya?